Kujitafuta katika Umati: Maoni ya Mshabiki Mmoja wa Roki na Filamu

Uhakiki wa fasihi umezoea kumtazama mshabiki kwa jicho la pembeni. Inasadikiwa kwamba mhakiki ni mtu aliyejitenga na kazi kiasi cha kuweza kuipima, ilhali mshabiki amezama ndani yake hata haoni kingo zake. Mmoja husema kwamba kazi imefaulu, mwingine husema kwamba anaipenda, na huchukuliwa kuwa kauli ya pili haina la kumfunza mwenye kauli ya kwanza. Jambo hili linashangaza kidogo, kwa kuwa nadharia ya fasihi simulizi imeipa hadhira heshima kubwa. Wanafunzi hufundishwa kwamba hadhira ni sehemu ya utungo, na kwamba fanani asiyeitikiwa hana kazi mkononi. Hata hivyo ni nadra hadhira hiyo kuulizwa maoni yake. Huhesabiwa, huelezwa jinsi ilivyopiga makofi na vigelegele, kisha huachwa nje wakati hukumu inapotolewa.

Mshabiki anayezungumziwa hapa ni fundi wa redio na televisheni mjini Nakuru, mtu anayeelekea uzeeni sasa, ambaye wateja wake na hata majirani humwita Fundi tu. Hajapata kuhudhuria tamasha hata moja la muziki wa roki. Yote anayoyajua kuhusu matamasha hayo ameyapata kwa njia ya kanda za video, na kanda zenyewe alizipata kwa sababu za kikazi. Deki iliyotengenezwa haikabidhiwi mwenyewe kabla ya kujaribiwa, na ili kuijaribu pana haja ya kanda ambayo fundi anaijua kwa moyo: ajue ni wapi besi hushuka, ni wapi taa nyekundu ya jukwaani huvuja rangi ikiwa vichwa vya deki ni vichafu, ni wapi sauti ya mwimbaji hutetemeka ikiwa mkanda hauvutwi sawasawa. Kanda za hotuba na za harusi hazifai kwa kazi hiyo. Za matamasha zafaa. Kwa muda wa miaka 20 hivi, tangu katikati ya miaka ya 1980, mtu huyu alizitazama filamu nne au tano za matamasha mara nyingi kuliko mhakiki yeyote awezavyo kuisoma riwaya moja, na hatimaye akajijengea maoni.

Maoni hayo yalianza na kanda iliyokwama. Mwaka 1988 mteja mmoja, kijana aliyekuwa amerudi kutoka masomoni Uingereza, alileta deki iliyomeza kanda ikakataa kuitapika. Fundi aliifungua, akaukunjua mkanda uliojisokota kwenye roli ya mpira, akasafisha vichwa kwa spiriti na kitambaa, kisha akairudisha kanda ndani na kuijaribu. Ilikuwa imerekodiwa nyumbani, kutoka televisheni ya Uingereza, jioni ya tarehe 13 Julai 1985. Ilikuwa ni sehemu ya Live Aid, lile tamasha lililofanyika siku moja katika uwanja wa Wembley mjini London na katika uwanja wa John F. Kennedy mjini Philadelphia, kwa madhumuni ya kuchangisha fedha za kuwasaidia wenye njaa wa Ethiopia. Kanda ilianzia mahali ambapo kundi la Queen linaingia jukwaani. Fundi alikusudia kutazama dakika mbili. Alizitazama zote 21 za kundi hilo, akarudisha nyuma, akazitazama tena.

Kilichomshika hakikuwa wimbo. Kuna kipande kifupi, katikati ya nyimbo, ambapo mwimbaji wa kundi hilo, Freddie Mercury, anatoa mlio usio na neno, na umati wa watu kama 72,000 unaurudisha kama alivyoutoa. Anaurefusha, nao wanaurefusha. Anaupandisha na kuupindapinda, nao wanamfuata huko huko. "Hii ni paukwa," alisema Fundi akiwa peke yake kibandani, na kauli hiyo hajaibadilisha hadi leo.

Hapo mhakiki atashawishika kukumbuka kwamba Mercury alizaliwa Unguja, katika Mji Mkongwe, tarehe 5 Septemba 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara, wa wazazi Waparsi, na atataka kuunganisha nyuzi. Ushawishi huo ni wa kuepukwa. Mtoto huyo alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, India, akali mdogo. Familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Na hakuna awezaye kuonyesha kwamba alitoka pwani na paukwa-pakawa mfukoni. Fundi mwenyewe, alipoambiwa habari za Unguja, alizipokea kwa adabu na kuziweka kando. Hakupata kusema kwamba Mercury aliitwaa paukwa kwa Waswahili. Alisema tu kwamba kitendo kile ni paukwa, na kauli yake ni sahihi kihakiki, kwani inahusu umbo la tendo, haihusu ukoo wa mtendaji. Laiti wachunguzi wengi wa athari na asili wangejizuia hivyo.

Mwenye deki alirudi baada ya wiki tatu. Alipoikuta kanda yake ikicheza, alivuta kigoda cha wateja akaketi, na kumbe siku ile ya Julai alikuwako Wembley. Familia aliyopanga kwao ndiyo iliyomrekodia. Fundi, ambaye hakuwa amepata kukutana na mtu aliyehudhuria, alimwuliza maswali mengi, naye majibu yake hayakuwa ya kusisimua. Alikuwa amesimama mbali, upande wa kushoto kwa mtu anayelielekea jukwaa, nyuma ya jamaa mrefu aliyembeba msichana mabegani. Jukwaa lilikuwa dogo machoni pake mithili ya kisanduku cha kiberiti. Sauti ilimfikia imechelewa na ikigongana na mwangwi wake. Alikuwa na kiu na miguu ikimuuma. Kwa jumla, alisema, Fundi ndiye aliyeliona tamasha lile.

Habari ya sauti kuchelewa ilimfurahisha Fundi kwa kuwa ilieleza jambo alilokuwa ameliona asilielewe. Wakati wa wimbo "Radio Ga Ga" umati huinua mikono na kupiga makofi mawili juu ya vichwa. Ishara hiyo haikuzuka siku ile. Ilitoka katika filamu fupi ya wimbo huo ya mwaka 1984, iliyotumia picha za Metropolis, filamu ya Fritz Lang ya mwaka 1927, na ambayo wapiga makofi wake walikuwa wanachama wa chama cha mashabiki wa kundi lenyewe. Kwa hiyo mashabiki waliifunza hadhira, na hadhira ikamwonyesha fanani kwamba imefunzika. Lakini katika kanda mikono haikupiga kwa wakati mmoja. Ilitoka mbele kwenda nyuma kama upepo unavyopita juu ya ngano za Njoro. Fundi alikuwa amedhani kwamba walio nyuma ni wazembe. Sasa alifahamu: sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde, na aliye mita 100 kutoka kwenye spika hulisikia pigo karibu theluthi moja ya sekunde baada ya aliye mbele. Kila mtu alikuwa akipiga kofi kwa wakati wake halisi. Wimbi lile lilikuwa ni umbali wa kila mmoja, ukionekana kwa macho.

Ndipo kijana yule aliposema, "Fundi, simamisha hapo." Fundi alisimamisha. Picha ilitetemeka, ikakatwa na mistari myeupe kama ilivyo kawaida ya deki za wakati ule. Kijana alisogea akaipekua kwa kidole kipande kwa kipande. Akaomba isogezwe mbele, kisha isimamishwe tena. Mara ngapi, Fundi hakuhesabu. Alimwonya kwamba kusimamisha namna ile hukwaruza mkanda, kwa kuwa vichwa huendelea kuzunguka juu ya mahali pamoja, lakini hakumkataza. Kijana alikuwa akijitafuta. Hakujiona. Alilipa, akabeba deki yake, na alipofika mlangoni akarudi akaitoa kanda. "Kaa nayo, Fundi. Utaijaribia mashine." Hakuonekana tena.

Kutokana na mchana huo Fundi alipata kipimo, ingawa yeye hakukiita hivyo. Kila alipotazama filamu ya tamasha alijiuliza kama mtu aliyekuwako angeweza kujitafuta ndani yake. Hakujali kama angejiona. Alijali kama kutafuta kungekuwa na maana.

Kwa kipimo hicho aliihukumu Woodstock haraka. Filamu hiyo ya Michael Wadleigh, ya mwaka 1970, kuhusu tamasha la Agosti 1969 huko Bethel katika jimbo la New York, aliiona ndefu, na mtindo wake wa kuigawa skrini vipande viwili au vitatu unazidhulumu televisheni ndogo. Lakini humo yumo mtu anayesafisha vyoo, anayeeleza kwa uchangamfu kwamba mwanawe mmoja yupo hapo tamashani na mwingine yuko Vietnam. Kwa Fundi mtu huyo anawashinda wanamuziki wote wa filamu ile, na hata Jimi Hendrix, ambaye kwa vyovyote vile alipiga gita lake asubuhi ya Jumatatu wakati wengi wamekwisha kwenda zao.

Gimme Shelter, ya mwaka huo huo wa 1970, ya ndugu Maysles na Charlotte Zwerin, hakupata kuitumia kujaribia mashine baada ya kuitazama mara ya kwanza. Katika tamasha la bure la Rolling Stones huko Altamont, California, tarehe 6 Desemba 1969, kijana wa miaka 18, Meredith Hunter, alichomwa kisu mbele ya jukwaa na mmoja wa wale waendesha pikipiki waliopewa ulinzi. Filamu inamwonyesha Mick Jagger akiitazama picha hiyo kwenye meza ya uhariri, ikirudishwa nyuma na kusimamishwa. Fundi aliutambua mkono unaosimamisha. Alisema kwamba humo mtu anatafutwa na anapatikana, na kwamba afadhali asingepatikana. Zaidi ya hayo hakuongeza.

Filamu aliyoipenda kuliko zote ni Stop Making Sense ya Jonathan Demme, iliyotolewa mwaka 1984 na kupigwa picha katika ukumbi wa Pantages, Hollywood, mwezi Desemba 1983. Huanza na David Byrne wa kundi la Talking Heads akiingia peke yake jukwaani tupu, ameshika gita na redio-kaseti. Anaiweka chini, anaiwasha, na mdundo unaanza. Fundi alicheka mara ya kwanza alipoona, kwa sababu za kitaaluma. Spika za redio-kaseti kama ile haziwezi kutoa besi ya namna ile hata kwa maombi. Mdundo unatoka kwingine, na kwa hakika ulitoka katika mashine ya ngoma iliyounganishwa na mitambo ya ukumbi. Redio ile inaigiza. Fundi hakuuchukulia huo kuwa uongo, maana redio inayoigiza haijachukua nafasi ya mtu. Wimbo baada ya wimbo wanamuziki wanaongezeka, na wafanyakazi wanasukuma vifaa mbele ya macho ya wote. Hadhira karibu haionekani. Husikika ikishangilia gizani kwa zaidi ya saa nzima, mpaka wimbo wa mwisho, ambapo kamera inageuka na kuzionyesha nyuso, mmoja mmoja, zikicheza. Wahakiki wameuelezea mpango huo kwa njia nyingi. Maelezo ya Fundi ni kwamba Demme alikuwa amewawekea akiba, kama mama anavyomwekea nyama mtoto atakayechelewa kurudi.

The Last Waltz ya Martin Scorsese, iliyotolewa mwaka 1978 kuhusu onyesho la kuaga la kundi la The Band katika ukumbi wa Winterland, San Francisco, tarehe 25 Novemba 1976, aliisifu kwa usafi wa sauti. Sifa hiyo ilikuja kumgharimu.

Fundi ana binti, na mwaka 2018 binti huyo alikuwa mwanafunzi wa fasihi katika chuo kikuu. Alikuwa amekua akilala nyuma ya kibanda na kuota nyimbo za Wembley. Ilipotoka filamu ya Bohemian Rhapsody, alimwalika babake Nairobi, akamlipia tiketi, wakaenda kuitazama pamoja. Ni filamu inayosimulia maisha ya Mercury na kundi lake, na inaishia kwa kuigiza onyesho lile lile la Live Aid. Rami Malek, aliyemwigiza Mercury, alitunukiwa tuzo ya Oscar mwaka 2019. Binti alilia katika dakika za mwisho. Babake alikuwa ameikunja mikono kifuani. Ndani ya matatu ya kurudi Nakuru waligombana kuanzia Kangemi hadi Gilgil.

Malalamiko ya Fundi yalikuwa ya aina mbili, na mwanzoni aliyachanganya. Kwanza alikasirikia matukio. Filamu inaonyesha kwamba kundi lilikuwa limetengana kabla ya Live Aid, ilhali lilikuwa limetoa albamu mwaka 1984 na kuzuru nchi kadhaa hadi Mei 1985. Inaonyesha Mercury akiwaarifu wenzake kuhusu ugonjwa wake kabla ya kupanda jukwaa la Wembley, ilhali kwa kadiri inavyofahamika aligunduliwa kuwa na virusi takriban miaka miwili baadaye; alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Binti alikuwa na jibu, na lilikuwa jibu zuri. Alimkumbusha babake kwamba Aristotle alikwisha kuitenganisha kazi ya mshairi na ya mwanahistoria. Aliuliza ni nani aliyewahi kumshtaki Muhammad Kijumwa, mwandishi wa Utendi wa Fumo Liyongo wa mwaka 1913, kwa ajili ya ile sindano ya shaba kitovuni. Utungo una haki ya kukaza muda ili maana itoke. Mtu anayeimba akijua kwamba atakufa, alisema, ni kweli zaidi kuliko mtu anayeimba akiwa hajui, hata ikiwa huyo wa pili ndiye aliyekuwako.

"Liyongo, mama, hakuna aliye hai anayesema alikuwapo," alijibu babake. "Hawa wa Wembley wako hai. Wengine hata pensheni hawajafikia."

Hapo akafikia lalamiko la pili, ambalo ndilo lake hasa. Umati katika filamu ile haukuwa umati. Jukwaa la Wembley lilijengwa upya katika uwanja wa ndege wa zamani huko Bovingdon, waigizaji wa ziada wakapigwa picha, na kwa msaada wa kompyuta wakazidishwa hata uwanja ukajaa. Fundi hakuhitaji kusimuliwa. Alikuwa amekijua kile kipande cha mikono kwa miaka 30. "Nilitazama wale wa kushoto, wa nyuma," alisema. "Hakuna mtu pale. Mtu akienda kujitafuta atamkuta nani?"

Binti alinyamaza kidogo, kisha akatoa kisu alichokuwa amekificha. Katika The Last Waltz, aliyoisifu babake tangu yeye hajazaliwa, nyimbo kadhaa zilipigwa picha baadaye katika studio ambamo hamkuwa na hadhira yoyote, na sauti ile safi ilikuwa safi kwa sababu sehemu nyingi zilipigwa na kuimbwa upya baada ya onyesho. Mbona huo haukuwa uongo? Wanaojua namna wazazi wanavyoshindwa katika mabishano watafahamu kwa nini Fundi alianza ghafla kupendezwa na pundamilia wa kando ya barabara.

Jibu lake lilichukua siku nne, na alilitoa kwa simu. Studio ile, alisema, iko tupu na inaonekana kuwa tupu. Hakuna kiti cha mtu kilichokaliwa na mwingine. Wanamuziki wakirekebisha sauti zao wanarekebisha mali yao. Umati ni mali ya nani? Kundi la Queen liliweza kutoa idhini ya hadithi yake, na Brian May na Roger Taylor walishiriki katika kuiandaa filamu. Waliosimama uwanjani hawakuulizwa, wala hapana mahali pa kuwauliza. Hoja hii ina udhaifu wake. Filamu za kihistoria zote hujaza viwanja na medani kwa watu wasiokuwako, na haielekei Fundi angetaka vita vya kale visiigizwe kwa kuwa wafu hawakutia sahihi. Lakini ina nguvu mahali ambapo nadharia ya hadhira, kama inavyofundishwa, ni dhaifu. Nadharia hiyo huizungumzia hadhira kana kwamba ni chombo kimoja chenye kazi moja, cha kuitikia. Kompyuta ya Bovingdon inaikubali nadharia hiyo kwa moyo wote: kama kazi ya hadhira ni kuitikia tu, basi watu mia kadhaa waliozidishwa wanatosha, na pengine wataitikia vizuri zaidi.

"Na wewe, Baba," binti aliuliza, "ambaye hukuwako, miaka yote hii unamtafuta nani?"

Hapo ndipo alipomweleza habari ambayo hakuwa amemwambia mtu. Binti hakuwa amejua kwamba kanda ile ilikuwa na mwenyewe, seuze kwamba mwenyewe alikuwako Wembley.

Baada ya Queen, kanda inaendelea na David Bowie. Bowie aliimba nyimbo nne, akauacha wa tano ili kutoa nafasi kwa picha zilizopigwa na wanahabari wa televisheni ya Kanada huko Ethiopia, zikaonyeshwa kwenye skrini za uwanja pamoja na wimbo wa kundi la The Cars. Ni picha za watoto wanaokufa kwa njaa. Kwa miaka mingi Fundi alikuwa akiisimamisha kanda kabla ya hapo. Kwake hizo hazikuwa picha za kujaribia mashine. Pia alikumbuka mwaka 1984 wa kwao, mvua zilipokosa na mahindi ya manjano yakaja kwa meli, na hakupenda kuziona mbavu hizo zikiwa baina ya gita na gita. Lakini siku ile ya 1988 kanda haikusimamishwa, na kijana alieleza kilichotokea. Uwanja ulinyamaza, alisema. Karibu naye pale aliposimama hapakuwa na mtu mweusi mwingine. Mama mmoja wa Kiingereza, mtu mzima, aliyekuwa dakika chache kabla amepiga makofi pamoja naye mikono juu, alimgeukia akamshika bega, machozi yakimtoka, akampa pole.

Kijana hakujua la kufanya. Angemwambia kwamba yeye ni wa Nakuru? Kwamba Nakuru si Ethiopia, kwamba alikuja kwa ajili ya muziki kama yeye? Mama yule hakuwa na ubaya; mkono wake ulikuwa mkono wa huruma ya kweli. Aliipokea pole. Aliishukuru. Na tangu dakika hiyo, alisema, hakuweza tena kuimba. Umati ulikuwa umemtoa ndani yake na kumhamishia kwenye skrini.

"Ndiyo maana alikuwa akijitafuta," Fundi alimwambia bintiye. "Alitaka kuona ile sehemu ya kabla. Mimi ndiye ninayemtafutia."

Binti hakurudia tena suala la Aristotle. Yeye ndiye aliyechimbua baadaye habari za Birhan Woldu, msichana wa Tigray ambaye sura yake ilikuwa miongoni mwa picha zile, mtoto mdogo aliyedhaniwa kuwa anakata roho. Hakufa. Tarehe 2 Julai 2005 alisimamishwa jukwaani katika bustani ya Hyde Park, London, kwenye tamasha la Live 8, akiwa msichana mzima, picha yake ya zamani ikiwa imeonyeshwa kwanza. Fundi aliposimuliwa aliuliza swali moja tu: kama yeye mwenyewe aliitazama picha hiyo, na kama aliitazama akiwa peke yake au mbele ya watu.

Mwaka 2021 binti alimletea katika kompyuta filamu ya Summer of Soul, ya Ahmir Thompson ajulikanaye kama Questlove, iliyotokana na saa 40 hivi za picha za tamasha la Harlem la mwaka 1969, zilizokaa gizani karibu miaka 50. Humo mtu mzima, aliyekuwa mtoto mdogo siku zile, anaonyeshwa picha na kuuona kwa macho yake umati ambao ulibaki kwake kama ndoto isiyo na shahidi. Fundi hakusema lolote kuhusu Stevie Wonder wala Nina Simone. Aliomba kipande cha yule mtu kirudishwe. Kisha akaomba tena.

Deki hazitengenezwi tena Nakuru. Kibanda kinaishi kwa simu na redio za jua. Imebaki deki moja ambayo Fundi anaitunza kwa vipuri vya maiti za wenzake. Binti, ambaye sasa ni mwalimu, amemshawishi kuihamishia kanda ile kwenye kompyuta kabla dawa ya mkanda haijabanduka. Walikubaliana baada ya masharti. Programu ya kompyuta ina uwezo wa kuondoa mikwaruzo na mistari, na Fundi ameagiza kwamba isitumike kwa dakika zile za mikono. Mahali mkanda uliposimamishwa mwaka 1988 pameliwa, na kila kanda inapopita hapo picha hupasuka kwa mistari myeupe, kisha hutulia. Binti amezihesabu sehemu hizo. Ziko 11, zote za umati, zote za upande wa kushoto. Alimwuliza babake ni ipi kati yake iliyo karibu zaidi na mahali aliposimama kijana yule. Fundi alivaa miwani, akamwambia arudishe kidogo, tena kidogo, hadi kwenye msichana aliyebebwa mabegani.

"Nyuma ya huyu," alisema. "Pale palipokatika."